Kutoka Koboko Hadi Kisiwani

Basi la usiku kutoka Kampala hufika Pakwach kungali alfajiri, na hapo ndipo West Nile, kona ya kaskazini-magharibi mwa Uganda, inapoanza. Abiria waliosinzia tangu Karuma huamka daraja linapovuma chini ya magurudumu. Naili imetanda pande zote mbili, pana na tulivu, ikitoka Ziwa Albert kwenda Sudan Kusini. Ng'ambo ya pili, akina mama wa Kialur wanayazingira madirisha na sinia za samaki wa moshi na mihogo ya kuchemsha. Dereva anawapa abiria muda wa kununua, kisha gari linaanza kupanda kuelekea Nebbi, na baada ya Nebbi, Arua.

Ndani ya basi wengi walikuwa vijana: wanafunzi wanaorudi likizo, walinzi wa maghorofa ya Kampala waliopata ruhusa, mabinti wenye mabegi yaliyofungwa kwa kamba. Aliyeketi karibu nami aliposikia Kiswahili changu aliniuliza natokea wapi. Nikamwambia Unguja. Safu nzima ikageuka. Hoteli zinalipa kiasi gani? Mgeni wa Uganda anapata kazi? Chumba kinapangwa bei gani? Bahari ina joto kweli? Maswali hayo yalinifuata sokoni Arua, yakanifuata hadi Koboko, na kila nilipoyasikia nilizidi kuona kwamba nchi hii ina historia ndefu ya kuwapeleka vijana wake visiwani kuliko wao wenyewe walivyoelezwa.

Arua ni jiji tangu Julai 2020, na ukikaa sokoni asubuhi moja utaelewa kwa nini limekua. Mpaka wa Congo uko karibu sana, kwa hiyo vitenge vinaingia kutoka Ariwara, na sabuni, mafuta ya kupikia na mabati yanatoka. Muuza vitenge anamjibu mteja wa kwanza kwa Kilugbara, wa pili kwa Kilingala, wa tatu kwa Kiswahili, na akija karani wa serikali anamjibu kwa Kiingereza. Pembeni wamepanga mafungu ya dagaa wakavu, ufuta, asali katika chupa za maji, na tumbaku ya majani inayolimwa vilimani. Mchana nilikula ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama, mweusi na mzito, kwa majani ya kunde yaliyoungwa kwa ufuta. Mama aliyenipakulia alinihimiza niongeze, akisema mgeni aliyesafiri usiku kucha hali kidogo.

Eneo hili liliunganishwa na Uganda kwa kuchelewa. Lilikuwa sehemu ya Lado, ardhi ambayo Waingereza walimkodisha Mfalme Leopold wa Ubelgiji mwaka 1894. Leopold alipofariki mwishoni mwa 1909 ilirudi mikononi mwao kupitia Sudan, na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikahamishiwa Uganda, Arua ikawa makao ya utawala. Kisha ukaja mgawanyo wa kazi ambao athari zake bado zinaonekana: kusini mwa nchi walime pamba na kahawa, kaskazini na West Nile watoe vibarua na askari. Kodi ilidaiwa kwa fedha, na fedha ilikuwa mbali. Kiwanda cha sukari cha Lugazi kilipoanza mwaka 1924, na cha Kakira kikafuata mwaka 1930, mawakala wa kuajiri walikuja huku kutafuta wakata miwa. Kijana wa Kilugbara akawa mtu wa kuondoka: misimu miwili, mitatu, arudi na baiskeli, blanketi na mahari, au asirudi kabisa. Hadi leo ziko familia za asili ya Arua zilizozaliwa na kuzeeka kandokando ya mashamba ya Busoga na Buganda.

Kutoka Arua kwenda Koboko ni safari ya saa moja hivi kwa barabara ya lami. Mji haujaisha vizuri unafika Ombaci. Niliomba tusimame kwenye misheni ya Wakatoliki. Hapa, tarehe 24 Juni 1981, wanajeshi wa serikali ya wakati huo waliwafyatulia risasi raia waliokimbilia ndani ya ua wa misheni kutafuta hifadhi. Idi Amin, ambaye baba yake alikuwa Mkakwa na ukoo wake ni wa Koboko, alikuwa ameanguka Aprili 1979, na West Nile yote ikalipishwa makosa ya mtu mmoja. Tangu mwishoni mwa 1980 vijiji vilichomwa na watu wakavuka mpaka kwa wingi, wengine Zaire, wengine Sudan. Msomi Barbara Harrell-Bond alikaa nao huko Yei, upande wa Sudan, na mwaka 1986 akatoa kitabu, Imposing Aid, kinachobishana na namna misaada ilivyoendeshwa bila kuwasikiliza wakimbizi wenyewe. Wengi waliopo leo katika barabara hii wenye umri wa miaka arobaini na kitu walizaliwa ugenini. Wazazi wao waliondoka wakiwa vijana, bila barua ya kazi wala siku ya kurudi.

Baada ya Ombaci nchi inafunguka. Mlima Wati unasimama peke yake upande wa mashariki, mlima ambao Walugbara wanauhusisha na mababu zao wa kwanza. Nyumba za mviringo zimekaa pamoja juu ya vilima, maghala ya nafaka yameinuliwa kwa miguu, na kati ya mawe makubwa ya Maracha kila kipande cha ardhi kimelimwa. Ardhi ni ndogo kwa watu walivyo wengi. Kijana mwenye ndugu watano anajua kabla hajabalehe kwamba shamba la baba haliwezi kuwatosha wote.

Koboko nilifika siku ya Ijumaa, adhana ikiita. Mji umekaa mbele ya Mlima Liru, na wilaya yake ilikatwa kutoka Arua mwaka 2005. Nilichokutana nacho hapo kilinishangaza, mimi mtu wa pwani. Kampala nilikuwa nimezoea kuzungumza Kiswahili na kujibiwa kwa Kiingereza, au kutazamwa kwa wasiwasi, maana kwa wazee wengi wa kule ni lugha iliyowajia na mtutu wa bunduki. Pale Koboko Kiswahili ni lugha ya dukani, ya stendi na ya barazani. Kina lafudhi yake na kinakopa kwa wepesi kutoka Kikakwa na Kinubi, lakini mtoto aliyeniuzia karanga alinisalimia shikamoo bila kufikiria.

Kimefikaje huku, mbali namna hii na bahari? Sehemu kubwa kilikuja na jeshi. Mwaka 1891 Lugard, afisa wa Kiingereza, aliwachukua askari wa Kisudani waliobaki nyuma baada ya Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikweta la Sudan, kuondoka, na vizazi vyao ndio Wanubi wa Afrika Mashariki. Kutoka kwao na wenzao ilijengwa King's African Rifles mwaka 1902, jeshi ambalo Waswahili waliliita keya. Amri zilitolewa kwa Kiswahili. Kikosi cha nne kilikuwa cha Uganda, na waandikishaji waliipenda West Nile: vijana wengi, kazi chache.

Hapo ndipo visiwa vinapoingia katika habari ya Koboko. Mwaka 1942, baada ya Japani kuiteka Singapore, Brigedi ya 21 ya Afrika Mashariki ilipelekwa kulinda Silani, nchi tunayoiita leo Sri Lanka, na kikosi cha nne cha keya kilikuwa ndani yake. Mwaka uliofuata Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikusanywa kisiwani humo kujifunza vita vya msituni, na mwaka 1944 ikapelekwa Burma, ikashuka Bonde la Kabaw katika mvua, matope na malaria hadi Mto Chindwin. Fikiria kijana wa umri wa miaka ishirini, hajawahi kuiona bahari, anapakiwa melini Mombasa na kushushwa Colombo kati ya minazi na chai. Alihamia kisiwa cha joto, ng'ambo, katika umri uleule wa vijana wa basi letu. Hakuchagua kisiwa wala vita.

Wengine hawakufika. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyokuwa ikitoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldives, ikazama katika muda wa dakika chache. Watu zaidi ya 1,200 walikufa, wengi wao wakiwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Huku kwetu watoto hawafundishwi habari hiyo shuleni, na inastahili kufundishwa. Hao ni vijana wetu waliofia njiani kuelekea kisiwa ambacho wazazi wao wasingeweza kukionyesha kwenye ramani.

Waliorudi walirudi na malipo kidogo, medali, na Kiswahili. Malipo yaliisha. Kiswahili kimebaki, kimeolewa na kuzaa, na sasa ni mali ya watu ambao babu zao hawakuwahi kuvaa sare.

Kesho yake nilipanda bodaboda hadi Oraba, kituo cha mpakani. Upande wa pili ni Kaya, Sudan Kusini. Mbele kidogo, mahali panapoitwa Salia Musala, Uganda, Sudan Kusini na Congo zinakutana. Nchi zote tatu sasa ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki: Sudan Kusini ilijiunga mwaka 2016, Congo mwaka 2022. Mwaka huohuo wa 2016 vita vilipolipuka upya Juba mwezi Julai, watu walivuka mipaka hii kwa maelfu kila siku. Kambi ya Bidibidi, wilaya jirani ya Yumbe, ilifunguliwa Agosti, na kabla mwaka haujaisha ilikuwa na wakimbizi zaidi ya 250,000. Koboko yenyewe ina makazi ya Lobule, wanakoishi Wakongo. Watu waliopokelewa Yei, na Aru ya upande wa Congo, miaka ya themanini sasa wanapokea wageni kutoka Yei na Aru. Mzee mmoja pale mpakani aliniambia kuwa hilo kwake ni deni, na deni hulipwa.

Jioni nilikaa na vijana wa stendi ya Koboko. Mmoja ana cheti cha upishi, mwingine ni fundi umeme, wa tatu anaendesha pikipiki ya mtu. Walitaka ukweli kuhusu Unguja, nikawapa ninaoujua. Kazi za hoteli za Nungwi, Kendwa na Paje zipo, na hufuata msimu wa wageni: Juni hadi Oktoba, kisha Desemba hadi Februari. Masika yakiingia hoteli nyingi hupunguza watu au hufunga, na asiyeweka akiba analala njaa ufukweni ambako mgeni analipa mamia ya dola kwa usiku mmoja. Itifaki ya Soko la Pamoja ya Jumuiya ilianza kutumika Julai 2010 na inazungumzia uhuru wa wafanyakazi kuvuka mipaka, lakini Mganda bado anahitaji kibali cha kazi na cha ukaazi, na anayefika bila hivyo anakuwa mateka wa yeyote aliyemwajiri kimyakimya. Niliwaambia pia kwamba bidhaa nyingi huletwa kwa meli, na maisha ya mfanyakazi kisiwani ni ghali kuliko picha zinavyoonyesha.

Hawakukata tamaa, na sikutaka wakate. Fundi umeme alisema wenzake watatu wako nchi za Ghuba, mmoja wao alinyang'anywa pasipoti siku aliyofika. Kisiwani, alisema, walau atajua mwenye nyumba anasema nini. Nilikaa na maneno hayo usiku kucha. Ana hoja. Kiswahili alichorithi kutoka kwa kizazi cha mababu waliosafirishwa kwenda Silani kinamwezesha kusoma mkataba wake mwenyewe, kubishana na mwajiri, kuuliza njia ya ofisi ya kazi, na kujua anapotukanwa.

Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliamua Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Mahali ambapo uamuzi huo unaweza kuzaa matunda mapema ni huku. Koboko ina wasemaji tayari. Inachohitaji ni walimu waliosomea, vitabu, na cheti ambacho mwajiri wa Unguja, Mombasa au Kigali atakiheshimu. Ongeza ofisi moja wilayani inayompa kijana habari za kweli kuhusu vibali na mishahara kabla hajauza ng'ombe wa familia kumlipa wakala, na nusu ya madhila ninayoyasikia yangepungua.

Najua wapo wanaosema vijana wakae nyumbani wajenge kwao. Kwa West Nile kauli hiyo inakuja ikiwa imechelewa karne nzima. Nchi hii iliwatoa vijana wake kwa kodi, kwa amri ya jeshi, na kwa moto wa vijiji. Kwa mara ya kwanza kuna kizazi kinachoweza kuondoka kwa hiari yake. Wajibu wetu sisi wenye visiwa ni kuwafungulia mlango wa mbele: kibali kinachopatikana kwa bei ya mfanyakazi, mkataba wa maandishi, na mshahara unaolipwa hata mvua zikinyesha. Na nyumbani kwao kuwe na kitu cha kurudia, iwe shamba, karakana au mgahawa, ili anayekwenda Paje akiwa na miaka ishirini na miwili aweze kurudi Koboko akiwa na thelathini, na ujuzi wake, na aajiri wengine.