Kiti cha Enzi Katika Tekani ya Lamu

Wengi wetu tujengapo nyumba hufikiri sana habari za mabati, madirisha na saruji, lakini mahali pa kuingilia hatupafikirii hata kidogo. Mgeni akivuka kizingiti hukutana na viatu, baiskeli, mtungi wa gesi, na gunia la mahindi linalongoja kupelekwa kinuni tangu juma lililopita. Mimi mwenyewe nimeishi hivyo miaka mingi bila ya kuona haya. Safari yangu ya Lamu ndiyo iliyonifungua macho, nami nimeona vema niwaeleze wasomaji habari ya kiti kimoja cha kale, na jinsi watu wa nyumba moja walivyolazimika kuupanga upya mlango wao kwa ajili yake.

Nilikwenda kumzuru mzee ambaye tulikuwa makarani pamoja kabla hatujastaafu. Basi lilituteremsha Mokowe, kisha mashua ya mota ikatuvusha mpaka kisiwani. Mji wa Lamu, ambao mwaka 2001 ulitiwa katika orodha ya UNESCO ya turathi za ulimwengu, umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na vichochoro vyake ni vyembamba sana, hata ukikutana na punda mwenye shehena huna budi kujibanza ukutani. Kwa nje nyumba hazionyeshi kitu. Mtu anaweza kupita mbele ya kuta zile siku nzima asijue ni nani tajiri na ni nani maskini, ila akitazama milango.

Nikapiga hodi. Mbele ya nyumba kubwa ya zamani kuna daka, yaani kibaraza chenye viti vya mawe huku na huku, ambapo wanaume huketi jioni wakazungumza. Ukivuka mlango wa nakshi unaingia katika tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, na hapo njia inageuka kabla ya kufika kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu. Mgeuko ule haukufanywa bure. Mlango ukiwa wazi, mpita njia haoni ila ukuta, na watu wa nyumba hubaki na siri yao. Zamani mgeni mwanamume asiye wa ukoo hakupitishwa ndani kabisa. Aliishia dakani, na akiwa wa heshima alipandishwa sabule, chumba cha wageni kilicho juu. Kwa hiyo watu wale walikwisha kufahamu, muda mrefu kabla yetu, kwamba kuingia nyumbani kuna daraja zake.

Ndani ya tekani ile ndipo nilipokiona kiti. Kilikuwa peke yake mbele ya ukuta mweupe, cheusi kama mkaa, mgongo wake mrefu umesimama wima. Wapwani hukiita kiti cha enzi. Mbao zake ni za mpingo, zimetiwa njumu za pembe na mifupa katika vipande vidogo vidogo vya nyota na mistari. Mahali pa kukalia, pamoja na egemeo, pamefumwa kwa kamba za pamba, na mbele pana kibao cha kuwekea miguu. Hakijaundwa kwa mtu kujinyoosha baada ya chakula. Aketiye hapo hana budi kuketi wima, na watu wamtazame. Zamani kilitolewa kwa mkubwa wa watu au mgeni wa heshima.

“Unakistaajabia,” alisema mwenyeji wangu. “Mwaka juzi kilikuwa ndani, kimefunikwa shuka, na juu yake tunatupa nguo zisizopigwa pasi.”

Kisha akanieleza yaliyotokea. Dari la msana wake lilikuwa limeoza. Dari za huko hushikwa na boriti za mikoko, na kwa sababu mti ule haufiki mbali, vyumba vya nyumba za mawe ni virefu lakini vyembamba, upana wake hauzidi sana mita 3. Boriti nne zilikuwa zimeliwa na wadudu, na fedha za kuziondoa hazikuwapo. Mwanawe mkubwa, aliyekuwa akifanya kazi Mombasa, akaja na mtu anunuaye vitu vya kale. Ndani mlikuwa na giza. Basi wakakibeba kiti mpaka tekani, mahali panapopata mwanga wa kiwanda, ili mnunuzi akitazame vizuri. Akakitazama, akataja bei. Bei ile, aliniambia mzee, ingalitengeneza dari lote na kubakiza.

Dada yake, ambaye nyumba nzima humwita Bi Mkubwa, alikuwa amesimama kiwandani akisikia. Akauliza neno moja tu: “Boriti ziko mikokoni. Kiti hiki tutakikata wapi?”

Kijana hakuwa mjinga, wala sipendi wasomaji wamdhanie mlafi. Yeye aliogopa dari kumwangukia mama yake, na hoja hiyo ni nzito. Lakini kulikuwa na jambo jingine. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 juu ya makumbusho na turathi inakihesabu kitu kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895 kuwa cha kale, nacho hakitolewi nje ya nchi bila ya kibali. Tena kiti kina pembe, na biashara ya pembe za ndovu kati ya nchi na nchi ilipigwa marufuku kwa mapatano ya mwaka 1989. Mnunuzi alipoulizwa kiti kitakwenda wapi, hakujibu sawasawa. Akaambiwa arudi baada ya mwezi.

Katika mwezi ule kiti kilibaki tekani, kwa kuwa hakuna aliyetaka kukibeba tena. Jirani wakiingia husimama. Wazee walipunguza sauti. Mmoja aliyekuwa hajafika kwa miaka mitatu alikuja makusudi akitazame, akaketi dakani mpaka magharibi akisimulia habari za marehemu baba yao. Mwezi ulipokwisha, mzee hakuweza tena kuiona tekani yake bila ya kiti kile. Mnunuzi alipewa kahawa dakani, akaenda zake.

Hapo ndipo kazi ya kupamba ilipoanza, na mwanzo wake haukuwa mzuri. Mke wa yule kijana alileta maua ya plastiki, meza ya kioo, picha tatu zenye fremu za dhahabu, na taa ya umeme yenye mwanga mkali. Kiti kikaonekana kama bidhaa ya dukani. Bi Mkubwa hakugombana naye. Kila siku aliondoa kitu kimoja. Maua yalikwenda kwanza, kisha meza. Picha zilihamishiwa msanani. Taa ilitolewa, ikawekwa kandili ndani ya kidaka cha ukutani, ambayo usiku humulika upande mmoja wa kiti na kuuacha mwingine gizani. Ukuta wa nyuma ulipakwa chokaa upya, maana weusi wa mpingo hautaki rangi nyingine kuupigia kelele. Mkeka wa ukindu ulitandikwa kando, palipo na viti vya mawe vya wageni. Viatu vilipewa ubao wao nyuma ya mlango.

Mambo mengine waliyajua kwa hasara. Masika yalipoingia, mvua ya kiwandani iliruka mpaka miguuni pa kiti, nao wakakisogeza dhiraa mbili. Kuta za matumbawe hunyonya unyevu. Kwa hiyo nyuma ya kiti waliacha nafasi ya shibiri moja hewa ipite, na chini ya kila mguu wakaweka kipande cha ubao. Fundi seremala alitaka kukipaka vanishi king'are. Bi Mkubwa alimpa chai, akamwambia apake mlango wa choo.

Mwenyeji wangu alinikaribisha niketi. Nilizitazama kamba zile za pamba, nikaukumbuka uzito wangu, nikasema kwamba benchi la mawe linanitosha. Alicheka sana. Hata yeye huketi hapo siku za sikukuu tu, na huwekewa mto.

Dari je? Nusu imetengenezwa. Boriti mbili mpya zimewekwa kwa fedha za mnazi na za yule kijana, ambaye hutuma kidogo kidogo, na nusu ya pili bado imeegemezwa kwa nguzo. Tulikula chakula cha usiku chini ya nusu iliyo nzima. Mama wa nyumba alinionyesha kwa kidole mahali pa kuketi, wala sikuuliza kwa nini.

Niliporudi kwangu bara nilikikumbuka kigoda cha marehemu babu, cha miguu mitatu, kilichochongwa kwa gogo moja. Nilikitafuta siku mbili. Nilikikuta kinashikilia mlango wa banda la kuku usifungwe na upepo. Nimekiosha, nimekikausha kivulini, na sasa kiko mezani mbele yangu ninapoandika haya. Mahali pake sijapapata bado, kwa maana mlango wangu unafungukia sebuleni moja kwa moja, na mke wangu amekwisha sema kwamba kabati la televisheni halihami.