Nyumba Yetu ya Kilibula

Apangaye nyumba ya mtu hulala jicho moja wazi. Sisi, mume na mke, tuliishi hivyo miaka kumi na miwili hapa Uvira, na katika miaka hiyo tulihama mara tano. Mara mwenye nyumba apandisha kodi. Mara mwanawe aoa, naye ahitaji chumba. Kila mara tulibeba vitanda na masufuria, watoto wakitufuata, majirani wakitazama. Ndipo tukakata shauri kununua nyumba. Twapenda kuwasimulia yaliyotupata, maana si wachache miongoni mwenu wanaoweka akiba kwa shabaha iyo hiyo.

Fedha tulizipata polepole: mshahara wa ualimu, faida ya vitenge sokoni, na zamu zetu katika likelemba. Zilipofika dola 4,000 tukamwendea komisioneri mmoja, mtu ajuaye nyumba zinazouzwa.

Nyumba ya kwanza aliyotuonyesha ilikuwa karibu na mto Mulongwe. Ilikuwa kubwa, imepakwa chokaa, na bei yake ndogo mno. Mmoja wetu alifurahi. Mwenzake akaenda kuomba maji ya kunywa kwa jirani. Jirani yule hakusema mengi. Alinyosha kidole kwenye ukuta wake, palipokuwa na alama ya tope kupita kiuno cha mtu. Ilikuwa alama ya mafuriko ya usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto ulipoacha njia yake, ukaua watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Mji wetu umebanwa kati ya milima ya Mitumba na ziwa. Mvua ikinyesha juu milimani, maji hayana pengine pa kupita ila kwetu. Na nyumba ya matofali mabichi ikilowa miguu huanguka. Tulimshukuru jirani, tukaondoka.

Nyumba ya pili ilikuwa pwani. Huko hatukuhitaji kuuliza, kwa maana tuliona kwa macho yetu jinsi ziwa lilivyopanda mwaka 2021, na tena mwaka 2024, likaingia katika nyumba za watu. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, nao ni mto Lukuga kule Kalemie. Likijaa, halina haraka ya kupungua.

Nyumba ya tatu ilikuwa hapa Kilibula. Vyumba vitatu na kimoja cha nyuma, mabati ya zamani, mwembe uani. Mwuzaji, kijana wa heshima, alisema ni urithi wa marehemu baba yake. Alitaka dola 4,000, nusu siku ile ile. Komisioneri akatuhimiza: “Baba, Mama, nyumba kama hii haingoji. Kuna mwingine anakuja kesho.” Basi sisi tulioogopa maji hatukuogopa maneno. Tulihesabu dola 2,000 mbele ya mashahidi wawili, tukapewa karatasi yenye sahihi, tukarudi nyumbani tukiimba.

Juma lililofuata tulikwenda kupima madirisha. Tulimkuta mama mzee amekaa chini ya mwembe, akichambua lengalenga. Alitutazama, akauliza kwa upole: “Wanangu, ni ninyi mliokuja kunitoa?”

Alikuwa mjane wa yule marehemu. Chumba cha nyuma kilikuwa chake. Hakuna aliyemwambia habari za kuuza. Tena akatuambia ya kwamba watoto wake ni wanne: huyo kijana, mdogo wake, na mabinti wawili walioolewa, mmoja Baraka, mwingine Bujumbura.

Usiku ule hatukulala. Komisioneri alitushauri tunyamaze, tulipe nusu iliyobaki, na mama yule angehamishwa na mwanawe. Hatutaficha ukweli: mmoja wetu aliona shauri hilo ni jema. Dola 2,000 zilikwisha kutoka mkononi, na kijana alikwisha kununua pikipiki. Tuligombana siku mbili. Siku ya tatu tukaulizana: je, sisi tuliofukuzwa mara tano, tutaingia nyumbani kwetu kwa kumfukuza mtu?

Tukaenda kuuliza wajuao sheria. Hapo tulijifunza mambo ambayo ingetupasa kuyajua kabla ya kutoa senti moja. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 yasema ya kwamba ardhi ni mali ya Serikali. Mwananchi hupewa haki ya kuikalia, na haki hiyo huthibitishwa kwa cheti cha kuandikishwa kitolewacho na mtunza hati za ardhi. Karatasi ya mtaani yaonyesha tu ya kwamba mmepatana. Tena Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987 yawapa watoto wote urithi, wa kike sawa na wa kiume, na yampa mjane haki ya kukaa katika nyumba aliyokaa na mumewe. Kwa hiyo yule kijana alituuzia kisicho chake peke yake.

Tulimwomba mkuu wa mtaa awaite wote. Mabinti walifika wakiwa na hasira, na hasira yao ilikuwa ya haki. Mazungumzo yalichukua siku mbili uani. Mwishowe mama mzee akasema: “Nyumba na iuzwe. Mabati yavuja, wala hakuna kati yenu aliyekuja kuyaziba. Ila mimi nitafia katika chumba changu.” Bei ikapanda hadi dola 4,600, igawanywe kwa haki, na zile 2,000 zikahesabiwa katika fungu la kijana na ndugu zake walivyopatana. Sisi tukaandika ya kwamba mama atakaa katika chumba chake na kulima kibustani chake mpaka Mungu atakapomwita. Wakatia sahihi watoto wote wanne na mama yao, na sisi wawili pia.

Kupata dola 600 za nyongeza kulitupasa kungoja zamu mbili za likelemba. Kupata cheti kulichukua miezi kumi na minne, kwa kupima, kulipa ada na kurudi tena na tena. Leo kipo, na kimeandikwa majina yetu sote wawili. Mabati tumeyabadili, kwanza yale ya chumba cha nyuma. Watoto wetu humwita mama yule nyanya, naye huwakemea kama wajukuu wake.

Basi, akina baba na akina mama, mkitaka kununua nyumba, waulizeni majirani maji yalifika wapi. Ulizeni marehemu aliacha nani. Msilipe hata nusu kabla warithi wote hawajakaa pamoja, wala msiridhike na karatasi ya mtaani. Na mkikuta mtu amekaa chini ya mwembe, msimpite bila kumsalimu. Huenda nyumba ni yake.