Redio yako inakwaruza? Tazama kwanza antene



Kila ninapoenda kambini kuchukua habari, kuna mama au kijana anayeniuliza: "Mwandishi, mbona redio yenu hatuisikii huku?" Ni haki yao kuuliza. Kwa familia iliyohama, redio ndiyo inayosema barabara gani imefunguka, chanjo itatolewa wapi, maji gani yasinywewe. Kumbukeni Mei 2021. Nyiragongo ililipuka tarehe 22, na tarehe 27 amri ikatolewa ya kuondoka katika sehemu kubwa ya mji wa Goma. Watu walishika njia ya Sake na watoto mgongoni. Ambaye hakuwa na redio alifuata uvumi.

Mimi si fundi, ila nimekaa na mafundi miaka mingi, na nataka niwagawie yale ambayo hayaombi pesa nyingi.

Kwanza tujue namna FM inavyosafiri. Inaenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi. Mnara wa mita 30 kwenye tambarare unafika kilomita 20 na zaidi kidogo, lakini kwetu tambarare iko wapi? Kilima kimoja kikisimama katikati, ninyi mlio nyuma yake mnabaki gizani. Ndiyo maana kambi mbili zilizo karibu zinaweza kusikia tofauti kabisa.

Kwa hiyo kabla ya kununua mawe mapya ya redio, hama nayo. Wimbi la FM lina urefu wa mita 3 hivi, na hatua moja tu inaweza kubadili kila kitu. Hema la plastiki halizuii sauti, lakini nyumba iliyozungushiwa bati inazuia sana: peleka redio mlangoni au dirishani. Simamisha antene, kisha ilaze, usikie ipi ni bora. Panda juu kidogo ukiweza. Na kama kuna chaja ya simu au taa ya sola karibu, izime ujaribu tena, maana nyingi zinatia kelele.

Antene ikivunjika, usitupe redio. Tafuta waya wa shaba, uukate sentimita 70 hivi, umenye ncha, kisha uufunge imara kwenye kipande cha antene kilichobaki. Kipimo hicho kimetoka kwenye robo ya wimbi. Ukitaka kuwa sahihi zaidi, gawa 7,100 kwa namba ya kituo. Radio Okapi kule Goma iko 105.2, basi waya wake ni sentimita 67 au 68. Kwa FM, waya mrefu sana hauongezi kitu. Mawimbi mafupi ndiyo yanayopenda waya mrefu, mita 5 hadi 10, uliovutwa kutoka nyumba hadi kwenye mti mdogo. Usiupitishe kamwe juu ya waya wa umeme wala chini yake.

Sasa niseme na ninyi wenye redio za jamii. Mgeni akija, mnamwonyesha mtambo na idadi ya wati. Hakuna anayemwonyesha kebo inayopanda mnarani, na hapo ndipo nguvu nyingi inapotea, kama maji kwenye bidoni iliyotoboka. Mita 40 za kebo nyembamba, ile inayoitwa RG-58, zikipewa wati 100 zinafikisha juu kama 25 tu. Zilizobaki zimekuwa joto. Kebo nene ya RG-213 kwa urefu huohuo inafikisha zaidi ya nusu. Mnachoma mafuta ya jenereta usiku kucha ili kupasha kebo moto! Mfadhili akiuliza mnahitaji nini, mjibu: kebo nzuri, na antene iliyo juu zaidi. Mtambo mdogo kileleni unashinda mtambo mkubwa bondeni.

Maji ni adui mwingine. Funga kila kiungo kwa utepe wa mpira unaojigandisha, halafu utepe mweusi juu yake. Kabla kebo haijaingia nyumbani, iache ishuke chini kidogo kisha ipande, ili mvua idondoke nje. Kamba za chuma za mnara ziende pande tatu zilizo sawa, na mambo zake ziwe mbali na mguu wa mnara, kati ya nusu na robo tatu ya urefu wake. Mzikague kila mwezi. Mnara ukianguka sokoni au juu ya hema, hakuna tangazo litakaloomba msamaha.

Nimeacha radi mwisho kwa sababu inaua. Nchi yetu ya Kivu ni kati ya sehemu zinazopigwa na radi kuliko zote duniani. Utafiti wa satelaiti uliotolewa mwaka 2016 uliiweka Kabare ya pili ulimwenguni, miale 205 hivi kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka, nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela peke yake. Basi usifunge waya wa redio kwenye mti mrefu kuliko yote kambini. Hesabu sekunde kutoka mwanga hadi ngurumo: kila sekunde 3 ni kilomita 1. Zikiwa chini ya 30, achana na waya, ingiza watoto ndani ya jengo la kweli, shule au kanisa la matofali, wala si chini ya mti. Hema halikingi radi. Ngoja dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Kwenye kituo, zimeni na kuchomoa kebo ya antene mapema, radi ikiwa bado iko mbali. Tena mnara uwe na waya mnene unaoingia ardhini. Kwenye mawe ya volkano fimbo moja haitoshi. Lazeni waya mirefu ya shaba pande kadhaa, kwenye udongo wenye unyevu. Kunyamaza saa moja ni afadhali kuliko kunyamaza miezi sita mkitafuta mtambo mwingine.

Ila kabla hamjazima, mtangazaji aseme: "Radi inakuja, tunazima, tutarudi ikipita." Maneno hayo machache ni muhimu kama kebo. Huku kwetu redio ikikatika ghafla, watu hawafikirii radi. Wanafikiri vita imefika, na wengine wanaanza kufunga mizigo.