Neno Safari Chini ya Rangi Nyeupe

Kwa miezi kumi na minne, uani kwetu hapa Columbus, katika jimbo la Ohio, Marekani, palikuwa na nyumba nyingine ndogo. Ni trela la kuishi, lile ambalo Wamarekani hulifunga nyuma ya gari na kwenda nalo matembezini, likiwa na vitanda, jiko na choo ndani yake. Tulilinunua likiwa bovu, kwa nia ya kulitengeneza na kuliuza kwa faida. Fedha hatukuwa nazo. Ndugu watatu wa msikiti wetu walitukopesha bila riba, tukaandikiana na kuweka mashahidi kama tulivyofundishwa chuoni, kwamba tutalipa kabla ya Ramadhani. Ukatibu wa kamati ya msikiti haumwongezei mtu mshahara, ila humwongezea macho ya kumtazama.

Muuzaji alituapia kwamba sakafu ilikuwa mpya. Naam, ilikuwa mpya kwa juu. Tulipolibandua zulia la plastiki tulikuta plaiwudi imeoza, kisu cha jikoni kikazama ndani yake mpaka mpini, na huko nyuma chuma cha chesisi kimeliwa na kutu hata kikapasuka. Tulimpigia simu mara nyingi, asipokee. Siku hiyo tulitamka maneno ambayo hatutayaandika katika kurasa hizi. Tukatafuta fundi wa kuchomelea, tukaweka sakafu nyingine juu ya chuma kilichoungwa, na kazi ikaendelea.

Nje, trela lilikuwa limepakwa rangi nyeupe ya kupakia nyumba. Tulipaka dawa ya kuibandua, tukaanza kuikwangua taratibu kwa vipande vya mbao ili tusiichubue alumini. Mama watoto ndiye aliyeona kwanza. Alituita akiwa amepiga magoti kando ya mlango, kitambaa mkononi, na chini ya rangi ilikuwa ikijitokeza alama ya kiwandani yenye neno moja: Safari. Mabinti zetu wawili, waliozaliwa huku na wanaojibu Kiswahili chetu kwa Kiingereza, walilisoma kwa sauti, kisha wakatutazama kana kwamba sisi ndio tuliolibandika.

Hatukulibandika sisi. Trela hilo ni la mwaka 1964, la kampuni ya Airstream, ambayo ina kiwanda katika mji wa Jackson Center, mwendo usiofika saa mbili kwa gari kutoka kwetu. Safari lilikuwa jina la aina mojawapo ya matrela yao, lenye urefu wa futi 22. Neno lenyewe Waswahili tulilipata kwa Waarabu, na Waingereza wakalichukua kwetu katika karne ya 19. Mwasisi wa kampuni hiyo, Wally Byam, aliongoza msafara wa matrela yapatayo 40 kutoka Cape Town hadi Cairo, mwaka 1959 hadi 1960, yakapita Uganda, Kenya na Ethiopia. Trela letu lilikuwa halijatengenezwa wakati huo, kwa hiyo halikuiona Nairobi. Hata hivyo, tangu siku ile mabinti walianza kuja kukwangua rangi bila kuitwa.

Wiki zilizofuata zilikuwa za kuvumbua. Chini ya mbao bandia za ndani palikuwa na kuta za alumini zenye rangi ya asili, kijivu yenye vidoadoa vidogo, ambayo mtu huipapasa kama ganda la yai la kanga. Mbele, juu ya dirisha, rangi nyeupe ilipotoka kilibaki kivuli cha tarakimu nne kubwa. Tuliambiwa kwamba hizo zilikuwa namba nyekundu walizopewa wanachama wa klabu ya wenye matrela hayo. Jua na mvua huchakaza alumini iliyo wazi, bali mahali palipofunikwa na namba husalia tofauti.

Kisha tukaufungua mlango wa kabati la nguo. Upande wa ndani, chini ya ubao uliopigiliwa juu yake, palikuwa na orodha ya penseli kutoka juu hadi chini: tarehe, jina la mahali palipolalwa, idadi ya maili. Mara moja moja liliongezwa neno, kama vile mvua, au samaki. Mstari wa kwanza ni wa kiangazi cha 1964. Wa mwisho ni wa 1972, nao una tarehe na mahali tu, bila maili.

Klabu hiyo ilikuwa ikichapisha kila mwaka kitabu cha namba na majina ya wanachama. Mtu mmoja mwenye vitabu vya zamani alitutafutia, na baada ya barua mbili akapatikana binti wa mwenye trela, bibi wa zaidi ya miaka 70 anayeishi jimbo la jirani. Alikuja siku ya Jumamosi. Mabinti walimwita bibi kama wamwitavyo kila mtu mzima wa umri wake, naye akapenda. Alipita ndani akigusa hiki na kile, mpaka akafika kabatini. Aliusoma mlango kimya, kisha akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho, akasema kwamba huo si mwandiko wa baba yake. Baba aliugua mahali hapo. Mama yake, ambaye hakuwa amewahi kulikokota trela, ndiye aliyelirudisha nyumbani. Bibi hakujua kwamba mama yake aliandika chochote. Akatuuliza, kwa haya, kama mlango ule unauzwa.

Hapo ndipo tulipotahayari. Siku nne kabla yake tulikwisha kupatana na mnunuzi wa mbali, kwa dola 18,000, naye amekwisha leta sehemu ya fedha. Mlango ulikuwa miongoni mwa picha tulizompelekea. Haukuwa wetu tena wa kumpa mtu, hata kama bibi yule angelia. Tukamwomba atupe siku mbili.

Usiku ule mama watoto aliuliza swali moja: je, mnunuzi anajua habari ya chesisi? Hajui. Tulimweleza sakafu ni mpya, jambo ambalo ni kweli, na ndilo hasa tuliloambiwa sisi. Tulikumbuka kisa cha Mtume (s.a.w.) sokoni, alipotia mkono wake katika rundo la nafaka akakuta unyevu chini. Tumekwisha kukisomesha kisa hicho darasani msikitini si mara moja.

Asubuhi tulimpigia tukamweleza yote mawili, la chesisi kwanza. Hilo halikumsumbua, alitaka picha za uchomeleaji tu. Mlango ndio uliomuuma. Alisema aliuthamini kuliko jiko na vitanda. Alikaa siku nzima bila kujibu, na jioni akakubali: bibi na auchukue, ila bei ipungue dola 1,500. Bibi hakuuliza mlango umegharimu nini, nasi hatukumwambia. Aliuondoa umefungwa kwa blanketi, kiti cha nyuma cha gari lake.

Wakopeshaji wawili tuliwalipa kwa wakati. Wa tatu tulimpelekea pungufu, akatupa muda hadi baada ya Idi, na mpaka sasa hajatutaja mbele ya kamati.

Siku ya kukabidhi trela tuligundua kwamba mlango mpya wa kabati umeandikwa kwa ndani. Binti yetu mkubwa alikuwa ametia penseli tarehe, jina la Columbus, na maili sifuri. Tukamwonyesha mnunuzi kabla hajamaliza kulipa. Aliusoma ule mstari mara mbili, akaufunga mlango, akaendelea kuhesabu fedha.