Kusafiri kwa Meli na Mbwa wa Kuongoza Kipofu

Twende pamoja Marekani, katika mji wa Miami. Mji huu uko kando ya bahari, katika jimbo la Florida. Bandari yake ni maarufu kwa meli za watalii. Abiria wa meli hizi hawana haraka ya kufika mahali. Wanapanda ili wale, walale, waogelee na waone visiwa. Baada ya siku kama saba wanarudi pale pale walipoanzia.

Moja ya meli hizo inaitwa Icon of the Seas. Ilianza kubeba abiria Januari 2024. Urefu wake ni mita 365. Ukipanga viwanja vitatu vya mpira kwa urefu, meli hii bado inavizidi. Ina sitaha 20, yaani ghorofa 20. Inaweza kubeba abiria zaidi ya 7,000 na wafanyakazi zaidi ya 2,000. Ni kijiji kikubwa kinachoelea.

Sasa tuseme wewe huoni. Utatembeaje katika kijiji hicho? Chumba chako kiko huku, chakula kiko kule, ngazi ziko mahali pengine. Je, utaomba kushikwa mkono kila unapotaka chai?

Kijana mmoja wa Marekani, Morris Frank, alilijua jambo hili vizuri. Alikuwa kipofu. Mwaka 1928 alisafiri kwa meli kwenda Ulaya. Alipelekwa kama mzigo unaokabidhiwa kutoka mkono hadi mkono. Huko Uswisi alifundishwa kutembea na mbwa jike aliyeitwa Buddy. Mwaka huo huo alirudi kwa meli, yeye na Buddy. Walipofika New York, waandishi wa habari walitaka kuona kama mbwa anaweza kweli kumvusha barabara yenye magari mengi. Buddy alimvusha. Mwaka 1929 Morris Frank alisaidia kuanzisha shule ya mbwa wa namna hiyo nchini Marekani.

Mbwa huyu havutwi kwa kamba shingoni tu. Anavaa mikanda kifuani yenye mpini mgumu mgongoni. Kipofu anashika mpini. Mbwa akisimama mbele ya ngazi, mkono unajua. Akikwepa kiti, mkono unajua.

Marekani ina sheria ya mwaka 1990 inayolinda haki za walemavu. Meli nyingi za watalii zina bendera za nchi nyingine. Icon of the Seas ina bendera ya Bahama. Je, sheria ya Marekani inazihusu? Abiria walemavu walipeleka shauri mahakamani. Mwaka 2005 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba, kwa sehemu kubwa, inazihusu zinapokuwa katika maji ya Marekani. Lakini mbwa anayelindwa na sheria hiyo ni yule aliyefundishwa kazi ya kumsaidia mlemavu. Mbwa wa kupendwa tu anabaki nyumbani.

Mimi ni mtu wa kilimo na mifugo, kwa hiyo swali langu la kwanza lilikuwa hili: mbwa huyu anajisaidia wapi? Katika meli nyingi anawekewa kisanduku cha futi 4 kwa futi 4, kilichojazwa vipande vidogo vya mbao. Kinawekwa mahali pa wazi penye hewa. Taabu ni kwamba mbwa amezoea nyasi. Anaweza kukataa kisanduku na kujizuia kwa saa nyingi. Kwa hiyo wenye mbwa wenye busara hutengeneza kisanduku nyumbani wiki nyingi kabla ya safari, wakamzoesha. Chakula chake mwenyewe anakibeba. Kwenye bwawa la kuogelea mbwa haruhusiwi. Kampuni nyingi pia hazikubali aachwe peke yake chumbani.

Lakini shida kubwa iko visiwani. Meli imekubali mbwa, je, kisiwa kimekubali? Kila nchi ina sheria yake. Bahama wanataka kibali kilichoombwa kabla ya safari. Visiwa vya Hawaii, vilivyo upande mwingine wa Marekani, havina kichaa cha mbwa, na havitaki kukipata. Mbwa wa kawaida anaweza kuzuiliwa huko hadi siku 120. Mbwa wa kuongoza vipofu anaweza kusamehewa kifungo hicho, lakini lazima awe amechanjwa, damu yake imepimwa, na ana cheti cha afya. Pia lazima awe na alama ya namba chini ya ngozi. Alama hiyo ni kidude kidogo kama punje ya mchele.

Wengine wataona huo ni ukali. Mimi sioni hivyo. Kichaa cha mbwa huenezwa kwa mate ya mnyama mgonjwa, hasa akiuma. Dalili zikishaanza, mtu karibu hakika atakufa. Kwetu ugonjwa huu upo. Nimeandika kadi nyingi za chanjo, na nyingi nimezikuta zimeloa au zimepotea.

Basi fikiri meli imefika kisiwani. Abiria wanashuka. Wewe una mbwa, lakini karatasi moja haipo. Mbwa hashuki. Kumwacha peke yake chumbani huwezi. Mnabaki wote wawili, mkisikiliza ngoma za ufukweni kwa mbali.

Karatasi zikiwa zote zipo, afisa anazisoma na kukurudishia. Unashika mpini na kumwambia mbwa, "Twende." Mbwa anaitafuta ngazi.