Mzee Aliyerudi Barabarani



Katika mbio za Comrades za nchini Afrika Kusini kuna desturi moja ambayo tangu tulipoisikia haijatutoka moyoni. Muda uliowekwa unapokaribia kwisha, msimamizi husimama kwenye mstari wa mwisho akiwa ameshika bastola, naye huwapa kisogo wakimbiaji wanaokuja. Hawatazami. Dakika ikitimia anafyatua, na anayefika baada ya mlio huo, hata akichelewa kwa hatua moja tu, hapewi medali wala hahesabiwi kuwa amemaliza. Inasemekana huwapa kisogo ili asije akamwona mtu fulani akijikongoja, akamhurumia na kuchelewesha mlio.

Mbio hizi si za mchezo. Ni umbali wa takriban kilomita 90 kati ya Durban, iliyo pwani, na Pietermaritzburg, iliyo juu milimani. Kwa kawaida mwaka mmoja watu hupanda, mwaka mwingine huteremka. Nasi wa Tanzania tuna sehemu yetu katika chimbuko lake, ingawa wachache wanalijua hilo. Aliyezianzisha, Vic Clapham, alikuwa dereva wa garimoshi aliyekwenda vitani wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, akatembea mamia kwa mamia ya kilomita katika nchi hii yetu, iliyoitwa wakati huo Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, pamoja na wenzake wakimfuatia Lettow-Vorbeck na askari wake. Wengi walikufa, kwa risasi na kwa homa. Aliporudi kwao alitaka wenzake wakumbukwe kwa jambo ambalo nalo lingeuchosha mwili, si kwa sanamu. Tarehe 24 Mei 1921 wakaanza watu 34, wakamaliza 16. (Wapagazi wa Kiafrika waliobeba mizigo ya majeshi katika vita hivyo hivyo, wakafa kwa maelfu, hawakuanzishiwa mbio. Waliachiwa jina la Kariakoo, na hata hilo wengi wetu twalitamka sokoni bila kukumbuka lilikotoka.)

Mtu tunayetaka kuwasimulia habari zake ni Wally Hayward, aliyezaliwa mwaka 1908. Alizikimbia mbio hizo kwa mara ya kwanza mwaka 1930, akiwa kijana wa miaka 21, akashinda. Kisha hakuonekana tena huko kwa miaka 20. Aliporudi mwaka 1950 alikuwa na umri wa miaka 41, umri ambao wengi wetu huanza kulalamikia magoti, naye akashinda tena. Akashinda mwaka 1951. Mwaka 1952 aliziacha ili aende kwenye Olimpiki ya Helsinki, na katika marathoni ile aliyoshinda Emil Zátopek yeye alikuwa wa 10. Akarudi na kushinda mwaka 1953, akiwa mtu wa kwanza kuimaliza njia hiyo chini ya saa 6, na kwa mara ya tano mwaka 1954, akiwa na miaka 45.

Mwaka 1953 ndio uliokuwa kilele chake. Baada ya ushindi wa nyumbani alisafiri kwenda Uingereza, akavunja rekodi ya mbio za kutoka London hadi Brighton, akavunja na ya maili 100. Kisha akakimbia akizunguka uwanja mmoja kwa muda wa saa 24, mchana na usiku, akapata zaidi ya kilomita 256. Ndugu zangu, hebu pimeni. Ni zaidi ya mwendo wa kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, na bado zaidi ya kilomita 60 mbele yake, akiwa hatoki mahali pamoja.

Safari ile ndiyo iliyomponza. Kwa kuwa alipokea michango ya watu ili imsaidie gharama, wakuu wa riadha walimhesabu kuwa mkimbiaji wa kulipwa, wakamfungia nje ya mashindano ya ridhaa. Kifungo hicho kilidumu takriban miaka 20. Sisi tunaona ilikuwa hukumu ya watu waliopenda kanuni kuliko haki, kwa maana nauli si mshahara. Lakini alinyamaza, akaishi, akazeeka.

Tungeweza kukomea hapo, na ingekuwa habari nzuri ya kutosha. Hata hivyo, mwaka 1988, miaka 34 baada ya ushindi wake wa mwisho, Hayward alijitokeza tena kwenye mstari wa kuanzia. Alikuwa na miaka 79. Mshindi wa mwaka huo alikuwa Bruce Fordyce, aliyekuwa akishinda kwa mara ya 8 mfululizo. Mzee alimaliza kwa muda wa saa 9 na dakika 44, akawatangulia karibu nusu ya waliomaliza, wengi wao wakiwa na umri wa wajukuu zake.

Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 80, alirudi tena. Safari hii njia ilikuwa ya kuteremka kuelekea Durban, na wanaodhani kuteremka ni nafuu hawajawahi kushuka mlima mrefu kwa miguu: mapaja huungua, magoti hugonga. Muda uliowekwa enzi hizo ulikuwa saa 11 (tangu mwaka 2003 umekuwa saa 12). Mtu aliyekuwa wa kwanza mara tano katika barabara hiyo aliuvuka mstari ikiwa imebaki dakika 1 na sekunde 57 kabla ya mlio.

Habari hii tulimsimulia hivi karibuni mzee mmoja wa kigango chetu. Aliongoza kwaya miaka mingi, na sauti yake ya besi ndiyo iliyokuwa nguzo ya nyimbo za Pasaka. Tangu sauti ilipoanza kukwama hatumwoni mazoezini, wala misa ya pili haji tena. Huja ile ya alfajiri, akaketi nyuma. Tulimfuata nyumbani kwake, tukamwamkia shikamoo, tukauliza mbona ametuacha.

"Marahaba, Baba Paroko," alijibu. "Sijawaacha. Ila mwimbaji huondoka watu wangali wanamtamani. Unataka vijana wanisikie ninavyokohoa katikati ya wimbo?"

Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Kuna heshima katika kujua wakati wa kuondoka, na tumewahi kuona viongozi, hata wa jumuiya ndogo ndogo, waliong'ang'ania kiti mpaka kikawachukia. Lakini kiti ni jambo moja na barabara ni jambo lingine. Hayward hakurudi kudai kiti. Hakumzuia Fordyce kushinda, wala hakuomba aanze mbele ya wengine au aongezewe dakika. Alirudi kukimbia tu, nao waliokuwa pembeni ya barabara walimwona mtu mkubwa akiwa amechoka, jambo ambalo wakubwa wengi hawataki lionekane.

Mzee wetu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na hiyo miaka ya 1950, Baba, Waafrika weusi walikuwa wakikimbia wapi?"

Swali hilo ndilo lililotufanya tuandike juma hili, maana bila kulijibu tungekuwa tumewasimulia nusu. Hawakukimbia pale. Mbio zile zilikuwa za wanaume weupe peke yao. Mwaka 1935 Mwafrika aitwaye Robert Mtshali alikimbia njia yote bila namba kifuani, akafika kwa muda wa saa 9 na nusu hivi, lakini hakuandikwa katika orodha ya waliomaliza. Watu weusi na wanawake walifunguliwa mlango rasmi mwaka 1975. Kwa hiyo ushindi wote mitano wa Hayward ulipatikana barabara ikiwa imefungwa kwa walio wengi wa nchi hiyo. Hilo halimpunguzii hata hatua moja aliyoikimbia. Lakini hakuna ajuaye nani angemshinda, kwa sababu hawakuruhusiwa kujaribu.

Tulimweleza mzee jambo moja zaidi. Mwaka ule ule wa 1989, bingwa wa zamani alipokuwa akijikokota miongoni mwa wa mwisho, aliyekuwa wa kwanza alikuwa Samuel Tshabalala, mtu mweusi wa kwanza kushinda Comrades. Mandela alikuwa bado gerezani. Mzee alitikisa kichwa, akacheka kidogo, akasema, "Basi siku hiyo ilikuwa ndefu." Hakuahidi kurudi kwenye kwaya, nasi hatukumsukuma. Jumapili iliyopita alikuwa misa ya alfajiri kama kawaida yake, ila alikuwa ameketi safu tatu mbele ya mahali pake.

Hayward alifariki mwaka 2006, akiwa na miaka 97. Mwaka uliofuata waandaaji waliweka medali yenye jina lake kwa wanaomaliza chini ya saa 6 nje ya kumi bora. Mwaka 2019 wakaongeza nyingine, kwa wanaomaliza kati ya saa 9 na saa 10, wakaiita kwa jina la Robert Mtshali. Tumezipiga hesabu nyakati zile za uzeeni. Kama kanuni hizi zingekuwapo mwaka 1988, kwa saa zake 9 na dakika 44 Wally Hayward angevishwa shingoni medali ya Mtshali.