Jina Chini ya Picha

Picha ni shahidi bubu. Huonyesha uso wa mtu, nguo zake, mahali aliposimama na mwanga uliomwangukia saa ile, lakini haiwezi kutaja jina lake, wala ukoo wake, wala nchi yake. Ndiyo sababu chini ya picha huandikwa maneno, na yule aandikaye maneno hayo ndiye aitiaye picha ulimi. Picha moja ya mtu mmoja yaweza kuitwa "Mvuvi", yaweza kuitwa "Mgeni", yaweza kuitwa "Babu yetu", na kila jina humfanya mtazamaji aone mtu mwingine. Ikiwa jambo hili ni kweli kwa watu wote, basi ni kweli zaidi kwa watu wakaao kandokando ya mpaka wa nchi mbili. Kwao jina si pambo. Laweza kuwa tofauti kati ya mwenyeji na mgeni, na kati ya mwenye haki na mwombaji.

Mwaka jana nilipata nafasi ya kutazama maonyesho ya picha za watu wa mpaka wa Kenya na Tanzania, upande wa pwani. Nilifuatana na wanafunzi kumi na wawili wa chuo cha ualimu ninakofundisha. Waandaaji walikuwa wamepita nyumba kwa nyumba katika Vanga, Jimbo na Lunga Lunga kwa upande wa Kenya, na katika Horohoro, Duga na Jasini kwa upande wa Tanzania, wakiazima picha zilizohifadhiwa masandukuni. Waliongeza picha za kale zilizopigwa na wageni, na picha mpya walizopiga wenyewe. Zote zilitundikwa katika ukumbi mmoja, wala hazikutengwa za nchi hii na za nchi ile.

Kabla sijaeleza nilichokiona, yafaa niseme neno juu ya mpaka wenyewe. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana kugawana nchi zilizo nyuma ya pwani ya Afrika Mashariki. Walipiga mstari kutoka mlango wa mto Umba hadi Ziwa Victoria, mstari ulionyooka ila ulipofika Kilimanjaro, ambapo ulipinda ukauzunguka mlima kwa upande wa kaskazini. Mwaka 1893 walirekebisha mwanzo wake, ukaanzia Ras Jimbo, karibu na Vanga. Hapana Mdigo, wala Msegeju, wala Mvumba aliyeulizwa shauri lake. Wadigo walikuwa na miji na minazi yao tangu kusini mwa Mombasa hadi karibu na Tanga, na mstari ule ulipita katikati yao kama kisu kipitavyo katika mkate. Mto Umba wenyewe hutoka katika milima ya Usambara, Tanzania, ukaja kumwaga maji yake baharini karibu na Vanga, Kenya, na hata leo haujapata kuulizwa cheti.

Ukuta wa kwanza ukumbini ulikuwa wa picha za siku za ukoloni. Mwanamke amejifunga kaniki, amesimama mbele ya nyumba ya makuti. Mgema anakwea mnazi, kibuyu kiunoni. Watoto wamepangwa mstari, macho yao yamekazwa kwa sababu ya jua. Chini ya kila picha liliandikwa jina la kabila, au maneno kama "Mwenyeji wa pwani", na basi. Hapakuwa na jina la mtu hata mmoja. Lakini katika pembe ya picha kadha lilikuwamo jina la mpiga picha, kwa mwandiko mzuri. Mwanafunzi wangu mmoja alisimama mbele ya mgema yule kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Mwalimu, huyu aliyeshika kamera chini ana jina, huyu aliyehatarisha shingo yake juu ya mnazi hana?"

Swali lake lilikuwa jema, na jibu lake si gumu. Mpiga picha yule hakutaka mtu, alitaka mfano. Alikuwa akiwaonyesha watu wa kwao jinsi Mdigo alivyo, na kwa kazi hiyo Mdigo yeyote alitosha. Mtu akifanywa kuwa mfano wa kabila, jina lake huwa kitu cha ziada, na huachwa.

Ukuta wa pili ulikuwa mwingine kabisa. Hapo zilitundikwa picha zilizotoka katika nyumba za watu, nazo zilitiwa baina ya vioo viwili ili mtazamaji aweze kuona mbele na nyuma. Kwa mbele ulionekana ufundi wa maduka ya picha ya zamani: pazia lililochorwa bahari na majahazi, kiti cha kuegemea, saa ya mkononi iliyoelekezwa kwa kamera ili ionekane. Kwa nyuma kulikuwa na mwandiko, mwingine kwa herufi za Kirumi, mwingine kwa herufi za Kiarabu. Picha ya harusi moja ilikuwapo mara mbili, kwa sababu nakala moja ilitoka Vanga na nyingine Jasini. Nyuma ya ile ya Vanga bibi arusi ameitwa shangazi, siku alipoondoka. Nyuma ya ile ya Jasini ameitwa mama, siku alipofika. Mwanamke ni mmoja, siku ni moja, na maneno yote mawili ni ya kweli. Tena hapana hata upande mmoja uliotaja jina la nchi. Aliyeandika aliona ya kwamba lililo muhimu ni nani amekuwa nani kwa nani.

Nyingi za picha za ukuta huo zilikuwa za watoto wachanga, na miaka iliyoandikwa nyuma ilikuwa karibu karibu: 1978, 1979, 1981. Sababu yake yajulikana katika historia. Mwezi wa Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa tena mpaka mwaka 1983. Mabasi ya Mombasa na Tanga yalisimama. Mtu aliyetaka kwenda kumzika mjomba wake ilimpasa apite njia za panya, na mtoto aliweza kufika umri wa kwenda shule bila ya nyanya yake kumtia machoni. Basi katika miaka ile picha ilifanya kazi ya miguu. Ilivuka kwa mkono wa mvuvi au msafiri, na nyuma yake limeandikwa jina la mtoto, siku aliyozaliwa, na jina la mzee ambaye mtoto amepewa jina lake. Mwandishi alijua ya kwamba uso mtupu haungetosha. Uso bila ya jina ungekuwa wa mtoto yeyote. Jina ndilo lililomrudisha nyumbani.

Ukuta wa tatu ulijaa picha ndogo za vitambulisho, zilizokuzwa. Uso umetazama mbele, nyuma yake ni weupe mtupu, hapana kicheko wala bahari wala majahazi. Katika picha hizi serikali ndiyo iandikayo maneno ya chini. Zamani palikuwa na kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915 na ikaanza kutumika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alilazimishwa kuchukua karatasi yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake na habari za waajiri wake, nayo ilitiwa katika kijaluba cha bati kilichovaliwa shingoni. Kipande kilikuwa kamba ya kumfungia mtu kwa bwana wake. Kitambulisho cha leo ni ufunguo. Asiye nacho hawezi kupiga kura, wala kufungua akaunti ya benki, wala kusajili laini ya simu kwa jina lake. Kwa hiyo kijana akaaye mpakani, atimizapo miaka 18, hungoja ufunguo huo kwa moyo mzito, kwa kuwa mara nyingi yeye huulizwa maswali ambayo mwenzake wa mbali na mpaka haulizwi: babu yako alizaliwa wapi, na nani atakushuhudia?

Ukuta wa nne ulikuwa wa picha mpya, na hapo lilitokea jambo ninalolikumbuka kuliko mengine yote. Baadhi ya watu waliopigwa picha walikuwa wamealikwa ukumbini. Miongoni mwao alikuwa bibi mmoja wa makamo, aliyeonekana katika picha ameketi juu ya kibao, miyaa iliyopakwa rangi mikononi. Chini yake waandaaji walikuwa wameandika: "Mwanamke wa mpakani akisuka mkeka." Bibi alisomewa maneno hayo na mjukuu wake. Akacheka kwanza, kisha akawaita waandaaji.

"Wanangu," akasema, "mkeka hausukwi. Kinachosukwa ni ukili; mkeka hushonwa. Na mimi sijapata kuitwa Mwanamke wa Mpakani."

"Tuwie radhi, bibi," akajibu mmoja wao. "Tuandike nini?"

Bibi akataja jina lake, na jina la baba yake, na la babu yake, kisha akataja kijiji chake. Kijana yule akatoa kalamu, akafuta maneno ya kwanza, akaandika upya mbele ya macho yetu. Bibi akamtaka mjukuu asome tena, akaridhika.

Tazameni jinsi makosa yale mawili yalivyokuwa na mzizi mmoja: asiyejua kazi ya mikono yake hakujua hata jina lake. Tena waandaaji wale walikuwa watu wema. Walikuja kuupinga ukuta wa kwanza, nao wakaandika maneno ya namna ile ile, ila kwa nia njema. Kumbe kilichoutenga ukuta wa nne na ule wa kwanza si wema wa mpiga picha. Ni kuwapo kwa mpigwa picha. Mgema hakuwapo siku picha yake ilipoandikwa maneno. Bibi alikuwapo, akasema.

Jambo hili si la ukumbini tu. Katika kaunti hiyo hiyo ya Kwale wanakaa Wamakonde, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Watoto na wajukuu wao walizaliwa Kenya, wakazika Kenya, lakini kwa miaka mingi hawakuandikwa kuwa raia. Mwezi wa Oktoba 2016 waliinuka wakatembea kutoka Kwale kwenda Nairobi, ili waseme mbele ya yule mwenye kalamu. Rais wa wakati ule, Uhuru Kenyatta, aliagiza waandikishwe, na wakahesabiwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba wa pwani, ambao wengi wao ni wavuvi, walitambuliwa vivyo hivyo mwaka 2023. Na mwezi wa Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kuondoa mchujo wa ziada waliokuwa wakifanyiwa watu wa mpakani kaskazini mashariki walipoomba vitambulisho. Katika mambo hayo hapana uso uliobadilika. Yalibadilika maneno ya chini ya picha.

Sisemi ya kwamba serikali haina haki ya kuuliza. Nchi isiyojua watu wake haiwezi kuwahesabu wala kuwajengea shule, na mpaka usio na mlinzi hupitisha mwizi pamoja na mwema. Lakini kuuliza kuna namna mbili. Iko namna ya mpiga picha wa zamani, aliyekwisha kujua jibu kabla ya kufungua kamera yake, na iko namna ya kijana aliyetoa kalamu akasema, "Tuandike nini?" Namna ya pili huchukua muda zaidi, lakini ndiyo impatayo mtu mwenyewe.

Ninyi wasomaji mna picha nyingi kuliko watu wote waliopata kuishi kabla yenu. Simu moja yaweza kuwa na picha elfu, na katika elfu hizo labda hapana hata moja iliyoandikwa jina. Baada ya miaka hamsini zitakuwa kama picha za ukuta wa kwanza: nyuso nzuri zisizo na watu. Kwa hiyo nawapa kazi ndogo, isiyo na maksi. Mtakapokwenda nyumbani wakati wa likizo, ombeni albamu au bahasha ya picha za zamani. Keti na mkubwa wa nyumba, umwulize juu ya kila mtu: huyu ni nani, mtoto wa nani, hapa ni wapi, ilikuwa mwaka gani, na hiki alichoshika chaitwaje? Geuza picha, uandike kwa penseli, polepole, maana kalamu ya wino huweza kupenya upande wa pili. Ukiisha, msomee yule mkubwa ulichoandika. Na akisema umekosea, futa.